Mwaka Niliofeli Makohozi

Kijana wa jirani yangu hapa Kianjokoma alikuja kwangu juzi akakaa mbali, karibu na lango, leso mdomoni. Chai alikataa. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Mzee, nimefeli. Nimemeza dawa za TB mpaka nikadhani namaliza, wakapima tena, wakakuta bado. Naanza upya." Hilo neno, nimefeli, alilisema chini chini kama mtu aliyekutwa kwa shamba la wenyewe.

Nikamwambia asogeze kiti. Nikamwambia mimi nilifeli hayo hayo kabla baba yake hajazaliwa, tena nilifeli mara nyingi kuliko yeye. Hakuamini, kwa sababu ananiona na duka langu la mbao, na malori mawili, na sauti ya kufukuza ng'ombe walio bonde la pili. Kwa hivyo nimekaa niandike. Shule yangu ilikuwa ndogo, na Kiswahili changu nilikiokota wodini. Asiyekipenda aandike chake.

Sitaeleza vile ugonjwa unaingia kwa mapafu. Hiyo daktari atakuambia. Mimi nitasema yale ambayo daktari hakulala nayo.

Nilikuwa mpasuaji mbao. Siku hizo huku juu karibu na msitu hakukuwa na mashine. Gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anashuka shimoni, na kati yao kuna msumeno mrefu kumzidi mtu. Wa juu anauongoza kwa mstari. Wa chini anavuta, na unga wa mbao unamwagikia machoni. Mimi nilikuwa mtu wa juu. Mtu wa chini alikuwa Njeru, ndugu ya mke wangu Marigu. Kazini hatukuongea. Unajua mwenzako ameamkaje kwa vile msumeno unavyokuja mkononi.

Asubuhi moja Njeru akasimamisha kazi, akatoa kichwa shimoni, nyusi zimejaa unga.

"Shemeji, uko mgonjwa."

"Nani amekuambia?"

"Msumeno. Unapanda vizuri, halafu katikati unasimama kidogo, kama mtu anayefikiria. Na wewe si mtu wa kufikiria."

"Vuta chako."

Akavuta. Kabla ya saa sita nilikohoa nikatema kwenye unga wa mbao, na ule unga wa manjano ukawa mwekundu. Nikaufunika kwa kisigino. Mtu ambaye hajawahi kushindwa na gogo hatangazi kwamba ameshindwa na kifua.

Nilijificha hivyo mpaka mvua ndefu zikaisha. Suruali ilianza kunivuka nikaifunga kwa kamba ya mkonge. Jasho lilikuwa linalowesha ngozi tuliyolalia, na kila asubuhi Marigu aliitoa akaianika uani bila kusema neno. Siku aliyosema, alisema moja tu. "Baba Ruguru, ngozi ya mbuzi haitoi jasho." Ruguru ndiye binti yetu. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Wakati huo ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni, na kikohozi hakikuwa kikohozi tu. Watu walioingia msituni walilala kwenye baridi na unyevu wa mlima, wakakonda, wakakohoa. Kwa hivyo homugadi, askari wa kienyeji wa serikali, akimwona mwanamume amekonda na anakohoa, hakumuuliza kama amepata dawa. Alimuuliza amelala wapi.

Walitukusanya uwanjani asubuhi moja ya ukungu, wanaume tumechuchumaa kwa mistari, mikono kichwani. Kiongozi wa homugadi alikuwa mtu wa hapo hapo kwetu. Akapita polepole akiangalia nywele na viatu. Kifua changu kilikuwa kinatekenya kama kuna mdudu anapanda ndani. Nikabana pumzi mpaka machozi yakatoka. Nikahesabu nyasi zilizokuwa mbele ya kidole changu cha mguu. Viatu vyake vikaja vikasimama juu ya zile nyasi.

"Mbona unalia?"

Nikatikisa kichwa. Kufungua mdomo singeweza.

"Nimekuuliza."

Nikafungua, na kikohozi kikatoka chote, nikaanguka mbele kwa mikono.

"Huyu ametoka msituni," akawaambia wenzake. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mnadani.

Njeru alikuwa mstari wa nyuma yangu. Akasema, "Afande, huyo analala kwa dada yangu. Kikohozi chake tunakisikia ukutani. Hajatoka boma hili tangu mavuno."

"Wewe nani amekuuliza?"

Wakamwinua. Siku hizo mtu akisema bila kuulizwa, basi ana kitu anaficha. Wakamsukuma mpaka kwenye lori la waya. Nilitaka kusema, naye akaniangalia akatikisa kichwa ninyamaze, lakini kilichotoka mdomoni mwangu haikuwa maneno. Ilikuwa damu, ikapita kati ya vidole ikadondoka juu ya kile kiatu. Kiongozi akaruka nyuma.

"Mtoeni huyu. Mpeni pasi ya safari aende hospitali akafie huko, asituue sisi."

Njeru alichukuliwa kwa sababu yangu, na mimi niliachwa kwa sababu ya damu. Nilipanda gari na hayo mawili.

Hospitali ya karibu haikuwa na nafasi, nikapelekwa kwa masista wa misheni upande wa Meru. Jina la hospitali siliandiki. Aliyenipeleka ni Salimu, dereva Mwislamu wa mji wa Meru aliyekuwa akisafirisha viazi. Abiria wengine walikataa kukaa na mimi. Salimu akawaambia, "Basi shukeni ninyi. Yeye ana pasi na ninyi mna miguu." Akanipangia magunia, nikalala juu ya viazi mpaka tukafika. Mtu huyu alinipa maji kwa kikombe chake mwenyewe, na baada yangu akakinywea. Najua sasa halikuwa jambo la busara. Lakini sijalisahau.

Ukitaka kujua wodi ya kifua, anza na benchi. Ilikuwa barazani, ndefu, mbao ya msonobari iliyopasuliwa na mtu mzembe. Niliona hilo kabla sijaketi. Tulikaa hapo kila asubuhi kungoja sindano, tukijisogeza tako kwa tako kuelekea mlangoni. Aliye karibu na mlango anasikia vyombo vikilia kwenye sinia. Aliye mwisho anasikia kikohozi cha wote. Hakuna aliyeangalia mwenzake usoni, kwa sababu uso wa mwenzako ulikuwa ndio wako wa mwezi ujao.

Sindano ilidungwa makalioni, leo upande huu, kesho ule, mpaka pande zote mbili zikawa ngumu kama magoti ya ngamia. Kulikuwa na dawa ya unga iliyonuka kama kitu kilichofia ukutani, unaimeza na tumbo linairudisha. Masikio yakaanza kulia. Nikisimama, sakafu inahama. Lakini lililoniuma zaidi ni viganja. Sugu zangu, zile ngumu kama kwato nilizozipata kwa msumeno tangu ujana, zililainika kwa sababu ya kulala, zikabanduka moja moja kama maganda ya viazi. Nikabaki na mikono ya karani. Niliificha chini ya blanketi.

Kitanda cha pili kilikuwa cha M'Itonga, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Ruiri. Mimi Kimeru chake kilinipita, Kiembu changu kilimchekesha, kwa hivyo tulikutana kwa Kiswahili cha barabarani, na hicho ndicho ninachokuandikia. Juma la kwanza nilikataa kuoshwa. Nilimwambia mhudumu nitajiosha. Nikaanguka na karai la maji. M'Itonga akashuka kitandani kwake, akachukua kitambaa, akaanza kunisugua mgongo bila kuomba ruhusa.

"Niache."

"Nimeosha mbuzi wabaya kuliko wewe. Geuka."

Nikageuka. Tangu utoto hakuna mtu aliyekuwa amenigeuza.

Sasa makohozi. Kila mwezi ulipewa kikopo chenye kifuniko na namba yako. Unakohoa ndani yake alfajiri kabla ya kunywa maji, mhudumu anavikusanya, sista anaangalia kwa kioo cha kukuzia. Ukiwa msafi mara kadhaa mfululizo, unarudi kwenu. Ukiwa mchafu, unabaki. Wagonjwa tuliita hiyo mtihani. Anayepita tulimpigia makofi. Anayefeli tulimwacha aangalie ukuta.

Shuleni mwalimu alimwambia baba yangu anirudishe kwa mbuzi, kwa sababu kichwa changu hakishiki. Kuanzia siku hiyo niliapa hakuna mtu ataniambia tena kwamba nimefeli. Nilijifunza msumeno, nikalipia mahari yangu mwenyewe, nikajenga mwenyewe, sikuomba mtu hata mwiko. Halafu nikaja kufelishwa na mate.

Mwezi wa kwanza, mchafu. Sawa, nikasema, nimeingia juzi. Msimu wa ukungu ukaja, mlima ukapotea juma zima, mchafu tena. Mgonjwa aliyeingia baada yangu, mzee asiye na meno, akapita akaenda kwao akiimba. Mimi mchafu.

"Mwembu," M'Itonga akaniambia, "hata kutema umeshindwa?"

Nilimtupia kiatu. Kilimkosa, na hata hilo likamchekesha.

Yeye alikuwa ameanza kuwa msafi. Ungefikiri atafurahi. Lakini homugadi wawili walikuja siku moja kutoka upande wa kwao, wakasimama barazani wakamuuliza sista atamruhusu lini. Kuna mtu alikuwa amemtaja M'Itonga kwamba mbuzi wake waliliwa msituni kwa hiari yake. Sista, mwanamke mfupi wa Ulaya mwenye Kiswahili kikavu, akawajibu kwa sauti iliyofika vitandani, "Akipona ni wenu. Akiwa mgonjwa ni wangu." Wakaenda. M'Itonga alikaa na mkate wake mkononi, hakuula.

Nikamuuliza, "Ni kweli hao mbuzi?"

"Mbuzi wangu walienda sokoni. Aliyewanunua aliwapeleka wapi, niliwafuata?" Akaweka mkate chini. "Ndugu yake jirani yangu aliulizwa swali kama hilo. Mpaka leo mama yake anapika chakula chake akimngoja."

Karibu na mvua fupi Marigu akaja, Salimu amemleta na atamrudisha kabla ya kafyu. Wageni hawakuruhusiwa kupita ua wa mbao uliokuwa nje ya baraza, kwa hivyo alisimama upande ule na mimi upande huu. Ruguru alikuwa mgongoni kwake. Aliniangalia kama anavyoangalia mtu wa kodi, akaficha uso.

Marigu alikuwa na matope makavu mpaka kwenye magoti. Mikono yake ilikuwa na sugu. Niliziona kabla ya kuona uso.

"Tunachimba handaki la kuzungushia kijiji," akasema. "Wanawake wote. Asubuhi mpaka saa nane. Ruguru namfunga mgongoni."

"Na Njeru?"

"Hatujui yuko kambi gani." Akavuta pumzi. "Boma letu limechomwa. Wote tunahamia kijiji kipya ndani ya handaki. Kila mtu amepewa mahali pake na ajenge kabla ya mvua. Asiyejenga atawekwa kwa kibanda cha wasio na watu, kando ya kambi, pale homugadi wanalala. Unajua wanawake wa kile kibanda wanaamkaje."

Nilijua. Kila mtu alijua.

"Baba Ruguru, njoo nyumbani. Hata ukikohoa. Ushike tu nguzo, mimi nitachimba."

Nikamwambia nitakuja. Nilimwambia mwezi huu napita. Alipogeuka, mtoto akainua kichwa kutoka mgongoni akaniangalia mpaka lori likaondoka.

M'Itonga alikuwa amesikia yote. Aliningoja nijilaze, akasogeza kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikia. Mimi msafi, nataka kuwa mchafu. Wewe mchafu, unataka kuwa msafi. Wafanyabiashara wanaita hiyo nini?"

Jambo lenyewe nililijua. Kulikuwa na fundi wa viatu wa Chuka aliyetoka wodini kabla ya ukungu, na kila mtu alijua aliyoyapeleka kwa sista yalikuwa makohozi ya mtu mwingine, aliyanunua kwa tumbaku.

"Vikopo vinakuja wiki ijayo," M'Itonga akasema. "Wewe unakohoa kwa changu, mimi kwa chako. Wewe unaenda kushika nguzo. Mimi nabaki hapa na shingo yangu."

"Na wakijua?"

"Watatufukuza wote. Ndipo wewe utakufa na mimi nitachukuliwa. Sawa na vile tulivyo."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilijaribu kutembea mpaka kwenye ua na kurudi, nione kama nitaweza kubeba nguzo. Nilirudi kwa magoti. Nikasema si kitu, nikifika nyumbani nguvu zitarudi. Nilishaamua. Nilikuwa nimemwambia mke wangu neno, na mimi neno langu halikuwahi kuanguka.

Siku moja kabla ya vikopo tulikuwa kwenye benchi, tukisogea. Lango la nje likafunguliwa akaingia yule fundi wa viatu. Amekonda, lakini hilo tulilitarajia. Mgongoni alikuwa na msichana mdogo, amefungwa kwa shuka kama wanawake wanavyofunga. Mtoto akakohoa. Benchi nzima iliacha kusogea. Sisi sote tulikijua kile kikohozi, tuliweza kukitofautisha na cha mafua kama unavyotofautisha mlio wa ng'ombe wako.

Akaketi mwisho kabisa, karibu na mimi. Mtoto alikuwa na macho makubwa na shingo nyembamba. Akanyoosha mkono akashika kifungo cha shati langu.

"Huyu ni wa pekee?" nikauliza.

"Wa pekee aliyebaki," akasema. Halafu, bila kuulizwa, akasema, "Nilipita, unajua. Niliwaambia nyumbani nimepita. Tulichinja jogoo. Huyu nilimlisha paja kwa mkono wangu."

Sista akaja akamchukua mtoto mikononi, akaenda naye haraka bila kumwangalia baba. Kile kifungo kilibaki kikining'inia kwa uzi mmoja.

Alfajiri vikopo vikaletwa. Baridi ilikuwa kali na mhudumu aliviweka akaenda chumba cha pili. M'Itonga akanyoosha chake kwangu chini ya blanketi. Nikakichukua. Nikakohoa ndani mpaka kifua kikachanika, nikafunga kifuniko, nikamrudishia. Yeye akawa ananyoosha mkono wa pili apewe changu.

Nikachukua kikopo changu nikakohoa ndani.

"Unafanya nini?" akanong'ona. "Umejaza vyote viwili."

"Nimejaza."

"Na nyumba? Na mkeo?"

"Siwezi kuwapelekea hii."

"Utafeli tena, mjinga wewe."

"Nitafeli. Wewe pia utafeli, kwa yangu. Mimi nimefeli ya kutosha watu wawili."

Mhudumu alikuwa anarudi na sinia, viatu vyake vinalia sakafuni. M'Itonga akaweka kikopo juu, akajifunika mpaka kichwani.

Majibu hukaa siku kadhaa. Hizo siku ndizo ngumu kuliko zote katika ugonjwa wangu, kushinda damu. Nilikuwa namngoja sista aulize mtu msafi amekuwaje mchafu. Nilikuwa namwogopa M'Itonga asivunjike akasema. Na nilikuwa namwona Marigu kwenye kile kibanda kila nilipofumba macho. Mvua ilikuwa inajikusanya juu ya mlima.

Sista akaja na karatasi, akasimama kati ya vitanda vyetu. "Mchafu," akaniambia. Akageuka. "M'Itonga. Mchafu." Akaisoma karatasi tena. "Mwezi jana ulikuwa msafi sana."

"Ugonjwa ni kama mbuzi, Sista," M'Itonga akasema. "Ukifikiri umefunga, umetoka."

Aliangalia vitanda vyetu, umbali wa mkono kati yavyo. Kisha akasema, "Basi mtaanza sindano upya, wote wawili. Na mchafu hatoki kwa mlango huu, hata akiitwa na nani." Akaenda zake. Kama alijua, alikufa nalo.

Sindano zile za ziada M'Itonga hakuzihitaji. Zilimla sikio la kushoto, likafa kabisa. Mpaka uzee wake alikuwa akinigeuzia hilo sikio nikianza kujisifu.

Marigu alirudi mvua ikiwa imeanza kudondoka. Nilisimama kwenye ua nikashika ubao, kwa sababu ya kizunguzungu.

"Nimefeli," nikamwambia.

Alifikiri sijamaliza. Akangoja.

"Siji. Nikija namwua Ruguru. Nenda kwa wanawake wa handaki, uwaombe wakujengee. Waambie mimi ndiye ninayeomba. Waambie kwa jina langu."

Usicheke. Mimi nilikuwa na midomo mizito kuliko gogo nikisema hayo. Wanaume wa wanawake hao nilikuwa nimewadharau wote, huyu kwa ulevi, huyu kwa uvivu, na wake zao walijua.

Marigu akasema, "Watakucheka."

"Wacheke wakijenga."

Hakunilaumu, wala hakunibembeleza. Akamkaza mtoto mgongoni akaondoka, na kwa mwezi mzima sikujua kama nyumba imesimama au analala kando ya kambi. Nililala chali, kwa sababu ndivyo sista alivyosema, mapafu yapumzike. Mbeleni nilikuwa nalala kama mtu aliyefungwa. Safari hii nililala kama mtu anayefanya kazi. Kulala ilikuwa ndiyo kazi. Hilo ndilo ambalo kila mtihani niliofeli ulikuwa unajaribu kuniingiza kichwani, na kichwa changu, kama alivyosema mwalimu, hakishiki upesi.

Salimu ndiye aliyeniletea habari. Alisimama nje ya ua akapiga kelele. "Nyumba ipo. Imeinama upande wa mto kidogo. Mke wako anasema usije na kamba ya kupimia."

Mvua fupi ziliisha, jua la mapema mwaka likaja, mvua ndefu zikafuata. Nilifeli tena mara moja, halafu siku moja sista akasema msafi, na mwezi uliofuata msafi, na tena. Makofi yalipigwa. Fundi wa viatu hakuwepo kupiga, tulikuwa tumemzika. Binti yake aliishi. Kile kifungo alichokishika nilikishona upya kwa mkono wangu laini, na kushona kwenyewe nilifundishwa na mzee wa kitanda cha tatu.

Chifu mdogo wa kwao M'Itonga, aliyewatuma wale homugadi wawili, alihamishwa, na aliyekuja hakujua jina lake. M'Itonga akatoka mwezi mmoja baada yangu na sikio moja.

Sikupasua mbao tena. Njeru aliporudi kutoka kizuizini, meno ya mbele hana, tulijaribu. Alishuka shimoni kama zamani, na kabla ubao wa kwanza haujafika nusu nilikuwa nimekaa juu ya gogo nikipumua kwa mdomo. Alitoa kichwa akasema, "Shemeji, sasa umekuwa mtu wa kufikiria." Nilikaa chini nikaanza kunoa misumeno ya wengine kwa tupa, jino kwa jino, kazi ya mtu aliyejifunza kukaa mahali pamoja. Duka langu lilitoka hapo. Kwa hivyo kijana, ukiona malori, ujue yalianza siku niliposhindwa kusimama juu ya gogo.

Lakini nimeruka. Nirudi siku ya kufika.

Salimu alinishusha kwenye daraja la handaki, homugadi akaangalia pasi, nikaingia kijijini. Nyumba zilikuwa zimebanana kama vikapu sokoni. Yangu niliitambua kwa kuinama. Nguzo ya mlango haikunyooka, na kuna mahali nyasi ziliwekwa kinyume. Wanawake wawili waliokuwa wakimenya viazi nje waliniona ninavyoiangalia, wakaacha kumenya wangoje nitasema nini. Nikawaambia, "Asanteni, mama." Nikasikia wakicheka nyuma yangu, na haikuuma vile nilivyokuwa nimeogopa.

Marigu alikuwa mlangoni. Ruguru alikuwa amesimama mbele yake bila kushika chochote. Nilichuchumaa nikanyoosha mikono. Marigu akamshika mtoto bega.

"Tulisikia habari za mtu wa Chuka," akasema. "Baba Ruguru, hayo makohozi yaliyopita ni yako?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Hata yale yaliyofeli yalikuwa yangu."

Aliniangalia viganja, nilivyokuwa nimevifungua, vyeupe na laini. Halafu akaondoa mkono wake kwenye bega la mtoto.